Mchagueni wa Kwenu

Ilakaka, 6 Mei 2001

Dada Volasoa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila mgongo. Barua hii anakuletea Masy, dereva wa lori la chumvi. Mpe maji ya ukoko wa wali anywe kwanza, ndipo umuulize habari zangu. Akiwa na kiu husema uongo ili aondoke haraka.

Kazi ni ileile. Asubuhi nafungwa kamba kiunoni, nashushwa shimoni, natoboa ukuta na kujaza changarawe kwenye magunia. Magunia yanapanda, wanawake wanachekecha mtoni wakitafuta yakuti, na jioni tunaambiwa leo hakuna kitu. Shimo letu lingeweza kumeza kanisa la kwetu pamoja na msalaba wake. Anayeshika kamba yangu ni Mzee Ratovo, Mbetsileo mwenzetu wa upande wa Ambositra. Ana mikono mizuri. Akikushusha hujigongi popote.

Sasa nikuambie jambo, usinicheke. Tangu mvua ziishe, nikiwa chini nasikia kitanda cha kufumia. Kiko nyuma ya ukuta wa udongo. Tak-tak, halafu kimya, kama mfumaji anavuta uzi, halafu tak-tak tena. Unajua Mama alikuwa akipiga mara mbili mahali ambapo wengine hupiga mara moja. Nilimwita mwenzangu asikilize. Akasema ni maji. Maji gani yanayovuta uzi?

Na juzi mchana nilijilaza kwenye kivuli cha magunia, nikamwona Mama. Alikuwa amelowa mpaka nywele. Akasema, "Tsimba, nina baridi." Hakusema lingine.

Maana yake unaijua. Mfu akisema ana baridi anataka sanda mpya. Nimesikia mwaka huu Baba Mkubwa Rainizafy atafungua kaburi la ukoo wawageuze wafu na kuwavisha upya. Basi mfumie Mama sanda moja, umfunike palepale alipo kando ya shamba la mpunga, kimyakimya, wao wakishamaliza shughuli yao. Itatosha. Mama hakuwa mtu wa kudai makubwa.

Mdogo wako,
Tsimba


Soatanimbary, 29 Mei 2001

Mdogo wangu Tsimba,

Masy amekunywa sufuria nzima. Amesema umekonda na umenunua kofia mpya. Kofia ya nini shimoni?

Sikucheki. Kwangu Mama haji ndotoni. Kwangu naamka nakuta maji chini ya kitanda cha kufumia, na huu ni wakati wa kiangazi, paa halivuji. Nafuta. Kesho yake yapo tena.

Umesema hakuwa mtu wa kudai makubwa. Nani alimuuliza? Wafu wote wa kilima hiki wamelala ndani ya hariri iliyopita mikononi mwake. Hariri ya porini tunaifuma sisi watu wa bondeni, sisi tunaoitwa si safi kwa sababu bibi wa bibi yetu alinunuliwa sokoni. Baba alipomwoa, ndugu zake walimsusa. Alipokufa wakakumbuka kwamba ni wa kwao, wakampandisha kilimani kwa ngoma, mimi na wewe tukaachwa nje ya ukuta wa kaburi kama mbwa wa harusini. Mama, aliyetangulia kufa, yuko kwenye tope mpaka leo, na mkeka tu mwilini, maana sanda pekee aliyojifumia nyumbani kwake alimwekea mumewe.

Baba Mkubwa alikuja wiki iliyopita. Alikaa kizingitini, hakuingia.

"Binti yangu," akasema, "mnajimu ametupa siku ya mwezi wa nane. Tutahitaji sanda za wote."

"Na ya Mama?"

"Ya mama yako ni juu yako."

"Nataka aingie, Baba Mkubwa. Alale na mume wake."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Volasoa, mfupa usio safi ukivuka mlango ule wazee watahama. Tukibaki na nyumba tupu, nani atatuombea mvua?"

"Mbona mikono yake imo humo siku nyingi? Mmewavisha wazee wenu mikono yake."

Hakucheka tena. Nikamwambia: Mama asipoingia, sifumi. Na bondeni kote hakuna atakayefuma. Nimezungumza na Mama Mdogo Raly na binti zake na wengine wote. Tumekubaliana.

Nataka wewe pia ukubali. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba yetu.

Dada yako,
Volasoa


Ilakaka, 17 Juni 2001

Dada,

Umefanya nini? Masy alinisomea nusu ya kwanza huku anacheka, alipofika kwa Baba Mkubwa akanirudishia barua, akasema, "Hii soma mwenyewe."

Nakuomba uache. Unaishi peke yako katikati yao. Maji ya shamba lako yanapita kwao kwanza. Siku imeshapangwa na mnajimu na hawawezi kuisogeza, kwa hiyo watakusogeza wewe. Kuna mambo ambayo watu wa aina yetu tunayazunguka, dada, hatuyapandi kifuani.

Jumanne shimo la jirani lilianguka. Alikuwamo kijana wa Fandriana, mcheshi sana, alikuwa akiimba akiwa chini ili tujue bado yupo. Aliponyamaza tukajua. Tulichimba mpaka tukamtoa. Huku watu wakikutana hawaulizani jina. Wanauliza, "Kaburi lenu liko wapi?" Lake lilijulikana, basi alifungwa mkeka, akapandishwa kwenye lori, wenzake wawili wakakaa naye nyuma kumsindikiza kwao. Nililitazama lile lori mpaka vumbi likatua. Nikajiuliza, mimi wangenipeleka wapi?

Kile kitanda kinazidi kusogea. Sasa nikiweka kiganja ukutani nausikia mtikisiko.

Fuma sanda zao, dada. Tafadhali.

Tsimba


Soatanimbary, 8 Julai 2001

Tsimba,

Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Kitanda cha kufumia kimepata hitilafu kidogo. Nakula.

Amekuja mtu mwenye viatu, katumwa na ndugu za Mzee Ratovo. Anauliza kaburi lako. Anasema kuna msichana anaitwa Lanto, binti wa huyo mshika kamba, na kwamba mmeshaelewana, na watu wake wanataka kujua binti yao atazikwa na nani. Kumbe ndiyo kofia. Ungeniambia, mdogo wangu. Ningefurahi kwanza, halafu ndiyo ningekasirika.

Bahati yako alikutana na Baba Mkubwa kabla yangu. Baba Mkubwa akamwambia asubiri mpaka siku ya shughuli, atapata jibu mbele ya kaburi lenyewe. Kisha akaja kwangu, safari hii akaingia mpaka ndani.

"Fuma," akasema, "nami nitasimama na kusema Tsimba ni mtoto wa kaburi hili. Nitakula kiapo. Ataoa."

"Na siku akifa?"

"Siku akifa tutaona. Kuna sharti lingine. Siku ya shughuli ubaki bondeni. Usionekane."

"Hata nje ya ukuta, mahali petu pa siku zote?"

"Hata nje ya ukuta."

Hilo ndilo lililonisumbua. Kusimama nje hakujawahi kumchafua mtu. Nilimtazama, nikaona ana macho ya mtu anayeota vibaya. Nikamuuliza kama naye hulala. Akaondoka bila kuaga.

Sasa nijibu. Nikimwacha Mama, unaoa. Nikimpeleka, huoi. Wewe nimekubeba mgongoni mwaka ule wa njaa, sitaki kukukata bila kukuuliza.

Volasoa


Ilakaka, 24 Julai 2001

Dada Volasoa,

Barua ya kwanza niliyokuandikia kukujibu ilikuwa na neno moja, "Fuma." Niliibeba mfukoni, nikamtafuta Masy, na Masy hakuwepo. Hiyo nimeichana.

Ni kweli kuhusu Lanto. Anachekecha mtoni. Siku moja nilipandishwa nimejaa tope mpaka kwenye meno, akaniambia, "Wewe nikikuweka kwenye chekeche utabaki au utapita?" Tangu siku hiyo. Baba yake aliponiuliza kaburi letu, nilimtajia kilima cha Baba. Sikumtaja Mama. Sikusema uongo, nilimzika tu Mama mara ya pili. Kila asubuhi yule mzee ananifunga kamba kiunoni akiamini anamfunga mkwewe.

Nikueleze kilichotokea. Ile sauti ilikuwa karibu mno, nikaacha kutafuta changarawe, nikaanza kuutoboa ukuta kuifuata. Mwenzangu akaniambia nimeingiwa na wazimu, kule hakuna mawe. Nikatoboa. Ukuta ukaachia ghafla, nyuma yake pakawa na uwazi mdogo, giza na udongo mweusi uliolowa, na hewa baridi ikanipiga usoni. Harufu yake ilikuwa ya shamba letu la mpunga. Nimechimba nchi hii kame miaka mitatu, dada, na naijua harufu yake. Ile haikuwa ya huku. Nilinyoosha mkono. Hapakuwa na kitu. Halafu sauti ikaanza tena, tak-tak, nyuma ya ukuta mwingine, mbali zaidi.

Nilikaa pale nikalia. Nilijua nitaifuata mpaka shimo liniangukie.

Usifume. Mpeleke Mama. Lanto sijamwambia, na sijui kama nitathubutu. Lakini usiwafumie hata uzi mmoja.

Mdogo wako,
Tsimba


Soatanimbary, 19 Agosti 2001

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana. Lori la Masy lilivunjika ekseli Ihosy, likalala huko. Shughuli ilikuwa imeshapita. Nilikuwa nimeamua bila wewe, na nimejiandaa kuishi na chuki yako. Sasa nimesoma kwamba ulikuwa upande wangu tangu kabla ya shughuli, mimi sikujua. Nimelia kama mtoto, halafu nikaenda kumwagilia mboga.

Kwanza nililokuficha. Kitanda cha kufumia hakikupata hitilafu. Vijana wa ukoo walikuja wakakipasua kuni. Ng'ombe walipitishwa kwenye kitalu changu cha mpunga. Hakuna aliyenipa moto wala salamu tangu mwezi wa sita. Sanda ya Mama nimeifuma kwa kufunga nyuzi kwenye mguu wa kitanda cha kulalia, mwisho wa pili kiunoni mwangu. Nilipofikiri kwamba nawe umefungwa hivyohivyo huko uliko, nilipata nguvu.

Siku ilipofika ngoma zilianza mapema. Wao walikuwa wamenunua mablanketi sokoni. Wazee wa watu wanafungwa mablanketi ya maua, Tsimba, kama wagonjwa wa hospitali! Mimi, Mama Mdogo Raly na binti zake tukaenda kando ya shamba na majembe. Nia yangu ilikuwa kumvisha Mama sanda yake, nimpandishe mwenyewe, niketi naye mlangoni pao mpaka waniue au wanifungulie.

Udongo ulikuwa laini. Maji yakawa yanajaa kila tunapochota. Kisha jembe la Raly likainua kitambaa. Nikakiosha kwa viganja. Kilikuwa na ule ukingo mwekundu wenye mstari mweusi.

Nikasema, "Hii si ya Mama. Mama alizikwa na mkeka."

Unaikumbuka ile sanda? Ilikuwa ndani ya kasha, kisha tukaiona mwilini mwa Baba akipandishwa kilimani, watu wote wakaiona.

Raly akaketi kwenye tope lilelile. "Volasoa," akasema, "humu mna mafuvu mawili."

Tukawatoa wote, taratibu, tukawaweka kwenye mkeka mmoja, maana hatukujua namna nyingine. Tukapanda.

Huko juu ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mzee wa ukoo, Randria, ndiye aliyekuwa akiita majina, na kila jina likiitwa mtu anatolewa nje, watu wanashangilia. Tulipofika kwenye ukuta alikuwa anamwita Baba kwa sauti iliyoanza kupasuka, "Rabemanda! Rabemanda!" Na ndani wanajibu, "Hayupo!" Wanawake wakawa wanapiga kelele kwamba wezi wa mifupa wameingia. Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye jiwe, kichwa katikati ya magoti.

Nikavuka ukuta.

"Nani kakuruhusu wewe kufika hapa?" Randria akanifokea.

"Mmemwita Rabemanda. Nimemleta."

"Mchawi! Umemtoa kaburini!"

Raly akamwambia, "Jiwe la mlango ule linasukumwa na wanaume kumi waliokula nyama, Mzee. Sisi tuko wanawake wanne na tumeshindia mihogo."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa. Ndipo Baba Mkubwa akainua kichwa.

"Nilimtoa mimi," akasema.

Alisema akitazama chini. Baba alipokuwa anakufa alimshika mkono akamwambia, kama mke wangu hataingia, niweke alipo. Akamwapisha. Siku ya mazishi, watu walipokwenda kula, kabla jiwe halijarudishwa, Baba Mkubwa na marehemu mwanawe walimtoa wakamshusha bondeni. "Alikuwa mwepesi kwa ule ugonjwa," akasema. "Mahali pengine nilimbeba peke yangu. Tangu hapo ndugu yangu anakuja. Haniambii neno. Anasimama mlangoni amelowa, ananitazama tu."

Randria akatema mate. "Basi tumchukue wetu. Huyo mwanamke arudishwe alikotoka."

Nikautandaza mkeka pale mbele ya mlango, nikaufunua.

"Sawa," nikasema. "Mchagueni wa kwenu. Mkishampata, mimi nitamchukua wangu niende zangu."

Wakachuchumaa, Tsimba. Wazee wazima wakachuchumaa wakaitazama mifupa. Maji ya mpunga yalikuwa yameichanganya, yote rangi moja ya chai. Mmoja akainua mfupa wa paja. "Huu mrefu, huu ni wa mwanamume."

"Razanamavo alikuwa mrefu kumpita mumewe," Raly akamwambia. "Umesahau? Si ninyi mliokuwa mkimwita nguzo ya kanisa?"

Akaurudisha polepole, akajipangusa mkono kwenye suruali, kisha akautazama ule mkono kana kwamba hajui aupeleke wapi. Mwingine hakugusa. Kivuli kilikuwa kinausogelea ukuta, na mnajimu aliagiza mlango ufungwe kabla hakijaufikia.

"Tuwaache wote wawili nje," Randria akasema.

Baba Mkubwa akasimama. Sijawahi kumwona amezeeka kama siku ile. "Miaka saba mnamwita ndugu yangu kila mavuno," akasema, "naye anawaitikia. Mpunga umeiva, watoto wamezaliwa. Alikuwa anawaitikia kutoka kwenye tope la yule mwanamke. Mkimwacha nje leo, kesho mtamwita kwa mdomo gani?"

Akainama akashika ncha moja ya mkeka. Akangoja. Hakuna aliyeshika ncha ya pili.

Nikaishika mimi. Nikavuka mlango, mdogo wangu, kwa miguu yangu hii. Hakuna aliyenizuia, na hakuna aliyenisaidia. Humo ndani kuna baridi na harufu ya udongo mkavu. Tukawalaza pamoja juu ya jiwe, nikawafunika kwa ile sanda. Nilipogeuka niliona wenzao wanarudishwa na maua yao ya sokoni. Humo mote wenye hariri mpya ni wao wawili tu.

Randria na nusu ya ukoo wamesema watajenga kaburi lao. Wamekwenda kweli, wanachimba upande wa pili wa kilima. Salamu bado sipati, moto nimeanza kupata. Mtu mwenye viatu aliona yote. Aliondoka kabla ya chakula, na sasa yuko njiani kuja kwenu.

Sakafu yangu ni kavu. Kila asubuhi naigusa.

Dada yako,
Volasoa


Ilakaka, 9 Septemba 2001

Dada Volasoa,

Barua yako ilimpita yule mtu njiani. Masy anaendesha kama mwizi. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi moja mkononi.

Walikuwepo vijana wageni wawili pale shimoni, wakaniuliza, kama kawaida, "Kaka, kaburi lenu liko wapi?" Mzee Ratovo alikuwa ananifunga kamba. Nikawajibu. Nikataja kilima, nikamtaja Baba, kisha nikasema, "Na mama yangu ni Razanamavo, wa watu wa bondeni, wale mnaowaita si safi. Naye yumo humo ndani. Aliingia mwezi uliopita."

Vijana wakatazama chini. Mikono ya Mzee Ratovo ilisimama kwenye fundo. Nilisubiri alifungue. Unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri kwamba uzito wangu wote uko kwenye mikono ile, na chini ni mbali. Akalikaza fundo, akalijaribu mara nyingine, akanishusha. Alinishusha taratibu kama siku zote. Sikujigonga popote.

Jioni akanipandisha. Akakunja kamba, akaniwekea miguuni. "Kesho tafuta mtu mwingine wa kukushikia," akasema. Hakunitukana. Akaenda.

Lanto hajasema nami tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja. Nilipita mtoni, akawa anatikisa chekeche bila kuinua macho. Akauliza, "Dada yako hufumia wafu tu, au na walio hai?" Nikasema sijui, nitamuuliza. Basi nakuuliza.

Kamba yangu sasa anashika mmoja wa wale vijana wageni. Hajui kazi. Nimejaa michubuko mabega yote.

Nilikuwa sijakuambia hili. Siku ile, nilipofika chini, niliweka sikio ukutani. Kimya. Nikahamia ukuta mwingine. Kimya. Nikatia mkono kwenye ule uwazi nilioutoboa, udongo umekauka, unapukutika kama unga. Nikagonga mara mbili, tak-tak, kama alivyokuwa akipiga yeye. Nikangoja sana. Hakuna aliyejibu.

Nikachukua sururu, nikaanza kuchimba.

Mdogo wako,
Tsimba